Matroni Aliyestaafishwa na Tovuti

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita, mkasa ulifikia hapa: nilikuwa nimeketi kwenye chumba cha kompyuta cha shule yetu ya bweni, nikiwa na hasira ya halali kabisa, na mtu mzima mwenye akili zake timamu akaniruhusu niandike chochote ninachotaka.

Mtu mzima huyo ni fundi wa tovuti. Tunamwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analoiambia kompyuta, mlango, na mwanafunzi yeyote anayepita na kikombe cha maji.

Taratibu alikuwa ameijenga upya tovuti ya shule. Lakini hakuiweka hadharani. Aliiweka kwanza pembeni, kwenye uwanja wa majaribio: pacha wa tovuti ya kweli, ila hakuna anayeiona isipokuwa yeye na mimi msaidizi wake. Humo unavunja, unageuza, unapaka rangi za ajabu, na dunia haijui.

“Nijazie ukurasa wa habari,” aliniambia. “Habari moja ndefu, na picha. Nataka kuona maneno yanakaaje. Andika lolote. Siku ya kuhamia tovuti ya kweli nitapeleka sura peke yake. Maneno yako yatabaki huku huku.”

Sasa ile hasira. Asubuhi hiyo Matroni alikuwa amenipokonya filimbi mbele ya bweni zima. Kwamba filimbi yenyewe ilikuwa yake, na kwamba nilikuwa nimeipuliza alfajiri ya Jumapili kuwaamsha watu kwa ajili ya gwaride lisilokuwapo, hayo ni mambo madogo ambayo historia itayasahau.

Jambo kubwa ni kwamba Matroni ni mama yangu mkubwa. Ni dada yake mama, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Muhula ni Matroni, likizo ni Mama mkubwa, na ukali ni ule ule mmoja. Anaishi kwenye nyumba ndogo ya shule nyuma ya bweni la wasichana. Hana nyumba nyingine. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha.

Hilo nililijua. Nikamstaafisha hata hivyo, kwenye tovuti ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayeumia.

SHULE YAMUAGA MATRONI WAKE MPENDWA, niliandika. Nikaweka picha yake akicheka, picha adimu kuliko kupatwa kwa jua. Kisha nikamwaga machozi ya bandia:

“Mabweni yatalia. Nani sasa atatofautisha kikohozi cha kweli na kikohozi cha siku ya mtihani? Nani atatujua kwa hatua zetu gizani, na kutuita kwa majina kabla hatujaonekana? Nani atakaa kando ya kitanda cha mgonjwa mpaka kukuche, halafu amgombeze kwa kuugua?”

Nilicheka mpaka nikajigonga kwenye meza.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa kaeni vizuri. Anayetaka kuniona nikipata mema na aruke ukurasa huu, akasome michezo.

*

Siku ya mkutano wa bodi ilifika. Mkuu wa shule aliamua kwamba tovuti mpya haiwezi kuingia duniani kimyakimya kama mtu aliyechelewa darasani. Lazima izinduliwe.

Kwa hiyo kompyuta ikafungwa utepe. Naapa. Utepe mwekundu ulizungushwa kwenye skrini, ukafungwa mfano wa ua, na mimi nikapewa heshima ya kubeba mkasi kwenye sinia.

“Mkuu, kila kitu tayari,” Taratibu alimnong’oneza. “Kuna visanduku viwili. Cha sura nimekitia tiki. Cha maneno nimekiacha wazi makusudi. Wewe bonyeza kitufe cha kijani tu.”

“Cha kijani.”

“Cha kijani, Mkuu. Taratibu.”

Papo hapo projekta ikazimika, na Taratibu akakimbilia waya nyuma ya ukumbi.

Mkuu akakata utepe. Makofi. Akainamia skrini.

Lazima mmwelewe mtu huyu. Amesahihisha madaftari maisha yake yote. Akiona kisanduku kitupu, mkono unamwasha. Kwake yeye, pasipo na tiki pana mtoto ambaye hajamaliza kazi.

“Fundi kasahau hiki,” alisema.

“Mkuu, usikiguse hicho, hicho ni—”

“Shika mkasi vizuri, mwanangu. Utajikata.”

Tiki. Kitufe cha kijani.

Projekta ikawaka. Na kwenye ukuta wa ukumbi, mkubwa kuliko mlango, Mama mkubwa alikuwa anacheka.

*

Mwenyekiti wa bodi ni mama mmoja mwenye sauti ya redio. Alisimama akaisoma habari nzima bila kuruka hata nukta. Alipofika kwa mgonjwa na kukucha, mzee mmoja wa bodi alivua miwani akaifuta.

Nilikuwa nimeandika dhihaka. Ilipopita kwenye mdomo wa mtu mwenye moyo safi, dhihaka haikubaki hata tone. Hilo halikuwamo kwenye mipango yangu.

“Mkuu!” Mwenyekiti alimgeukia. “Jambo zito kama hili, mbona hukutuambia?”

Nilimtazama Mkuu. Mkuu aliutazama ukuta. Palikuwa na sentensi fupi tu ya kusema: sijui hii imetoka wapi. Mtoto wa chekechea angeisema na kubakiwa na pumzi.

“Nilitaka,” alisema Mkuu, “niwashtukize.”

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu wakageuka nyuma, kwa sababu huko nyuma, kwenye meza ya chai, alikuwa amesimama Matroni mwenyewe na chupa ya chai mkononi.

Aliiweka chupa mezani. Akakikaza kifuniko. Akanyoosha mgongo.

“Ningefurahi kuambiwa uso kwa uso,” alisema. “Lakini asanteni.”

Akatoka.

“Mnyenyekevu!” alisema Mwenyekiti. “Mmemwona? Hata kusifiwa hataki.”

*

Nilimfuata Mkuu koridoni, sinia bado mkononi.

“Mkuu, ile habari niliiandika mimi. Ni maneno ya kujaribia. Matroni hastaafu.”

“Wewe?” Alinipima kutoka kichwani hadi kwenye soksi. “Insha yako ya mwisho nimeisoma. Uliulizwa faida za misitu, ukaandika kuhusu popo ukurasa mzima.”

“Wanaishi msituni, Mkuu.”

“Aliyeandika vile ni mtu mwenye busara.”

“Ni mimi, Mkuu. Naomba uniadhibu.”

Ndugu msomaji, katika maisha yangu ya shule nimeadhibiwa kwa makosa ambayo sikuyafanya, na kwa mengine ambayo nilikuwa bado nayapanga. Siku niliyoiomba adhabu kwa mdomo wangu mwenyewe, nilinyimwa.

“Sikiliza,” alisema kwa sauti ya chini. “Mwenyekiti amenipongeza mbele ya bodi nzima. Ameniuliza nani ameandika maneno mazuri namna ile, nikamwambia ni mimi. Sasa nirudi nikaseme nini?”

“Kwamba ulitia tiki pasipo—”

“Toka.”

Nikatoka. Mbaya zaidi, Mwenyekiti ni mtu wa vitendo. Kabla vikombe vya chai havijaoshwa alikuwa ameshampata matroni mpya kwa simu, na ameshamwahidi ile nyumba ndogo.

Nikakimbilia chumba cha kompyuta.

“Umetumaliza,” Taratibu aliniambia nilipotokea tu mlangoni. “Nilikwambia andika lolote. Sikukwambia umfukuze mtu mzima kazi.”

“Kaka, unaweza kuirudisha ile ya zamani?”

“Nakala ya akiba ninayo. Naweza.”

“Basi rudisha!”

“Taratibu.”

Akabonyeza. Skrini ikaganda, ikapepesa, na tovuti ya zamani ikarudi na sura yake iliyochakaa. SHULE YAMUAGA haikuwapo. Picha haikuwapo. Niliegemea ukuta nikashusha pumzi, nikajiona mtu mwerevu sana.

Raha hiyo iliishi muda wa kupiga chafya.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Matroni, ameshika simu aliyoazima kwa karani wa ofisi, na macho yamemwiva.

“Fundi, nani anashughulika na hii tovuti?” Mimi hata hakunitazama. “Nilikuwa nasoma habari yangu. Nimefika katikati, imefutika.”

“Mama, kuna marekebisho kidogo ya—”

“Kazi mmeichukua, sawa. Na yale maneno nayo mnayachukua? Kule ukumbini sikusikia vizuri, masikio yalikuwa yanavuma. Nilitaka kuyasoma mwenyewe, niyamalize. Basi.”

“Mama mkubwa—” nilianza.

“Wewe nyamaza, Kiherehere. Hili si la watoto.”

Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba Mkuu alikuja mbio, tai imemrukia begani.

“Irudishe!” alimwambia Taratibu. “Yote! Sura na maneno! Na isiguswe tena!”

Taratibu akakitia tiki kisanduku cha sura. Akakitia tiki kisanduku cha maneno. Akanitazama mara moja, akabonyeza.

Mara ya kwanza ilikuwa ajali. Hii ilikuwa amri.

Huko bwenini habari ilikuwa imeshatangulia. Wasichana ambao juzi tu walikuwa wanamwigiza Matroni anavyotembea, sasa walikuwa wanapokezana leso moja.

“Eti kikohozi cha siku ya mtihani,” alisema jirani yangu wa kitanda cha juu, akijifuta pua. “Ni mimi huyo. Aliniandika mimi kabisa. Mkuu kumbe anatujua hivi?”

“Hakuandika Mkuu.”

“Kaandika nani sasa, wewe na popo wako?”

Kamati ya wimbo wa kumuaga iliundwa papo hapo. Nikachaguliwa kuongoza uimbaji, bila kupingwa, kwa kuwa mimi ndiye ndugu wa marehemu. Nasema mstaafu.

*

Baada ya vipindi nilimkuta Mama mkubwa nyumbani, anafunga masufuria kwa shuka kuukuu. Nyumba ilikuwa imeanza kuwa na mwangwi. Kitanda changu cha likizo kilikuwa kimesimamishwa ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

“Shikamoo, Mama mkubwa.”

“Marahaba. Shika ncha hiyo. Vuta.”

Nikavuta. Tukafunga fundo.

“Utakwenda wapi?”

“Kwa mama yako, kwanza. Tutabanana.” Mama yangu anaishi chumba kimoja, na kabati lililomo humo ndilo mpangaji halisi. “Wewe utabaki umalize shule. Hilo ndilo la maana. Nimemwomba Mkuu, amekubali.”

“Mama mkubwa, hawajakustaafisha.”

“Nimesoma kwa macho yangu.”

“Niliandika mimi.”

Akakaa juu ya furushi. Sikuwahi kumwona akikaa bila kitu cha kushona, cha kuchambua au cha kugombeza.

“Yote?”

“Yote. Ilikuwa tovuti ya majaribio, haikutakiwa kuonekana na mtu. Nilikuwa nimekasirikia ile filimbi. Mkuu akatia tiki mahali pasipotakiwa, maneno yakahamia kwenye tovuti ya kweli. Nimemwambia, amekataa kunisikia. Nisamehe. Nakwenda kwa Mwenyekiti sasa hivi, namweleza, na wewe unabaki.”

Nilisubiri kofi. Shavu nilikuwa nimeshaliandaa.

“Ile ya mgonjwa,” alisema. “Kukaa naye mpaka kukuche. Ulikuwa unanicheka?”

Hapo nilinaswa. Nikisema ndiyo, namnyang’anya kitu pekee alichobakiwa nacho siku ile. Nikafungua mdomo nikiwa na uongo mtamu tayari, na badala ya uongo ikanijia homa yangu ya utotoni, kiti chake kando ya kitanda, na jinsi alivyonigombeza kulipokucha.

“Nilipoandika nilikuwa nakucheka,” nilisema. “Lakini sikubuni hata neno moja.”

Alijifuta uso kwa ncha ya shuka, polepole. Nikadhani tumefika. Nikadhani atasimama, atafungua mafurushi, atanishika sikio na kunikokota mpaka kwa Mwenyekiti, na mimi nitakwenda nikiimba.

“Basi usimwambie mtu,” alisema.

“Nini?”

“Umenisikia. Ukisema ni wewe, watakufukuza. Mimi kazi nimeshaifanya, nimezeeka nayo. Wewe hata hujaanza. Sikukulea uje kufukuzwa shule kwa sababu ya filimbi.”

“Lakini Mama mkubwa, nyumba—”

“Vuta hiyo kamba.”

Nilikuwa nimekuja kuzuia safari yake. Nikajikuta nafunga mzigo.

“Hodi!”

Alikuwa Mwenyekiti. Nyuma yake alisimama Taratibu, anavitazama viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyoandika habari.

Mama mkubwa akawakaribisha, akageuka kutafuta kiti, akakumbuka viti amevifunga.

“Nitasimama,” alisema Mwenyekiti. Ile sauti ya redio ilikuwa imezimwa. “Nilitaka ile habari iingie kwenye taarifa ya bodi, pamoja na jina la mwandishi. Mkuu aliniambia ni yeye. Nikamwomba Fundi anichapie. Kumbe ile tovuti inaweka kumbukumbu ya kila ukurasa, kwamba umeingizwa kwa akaunti ya nani. Sema, Fundi.”

“Akaunti ya Matroni,” Taratibu aliviambia viatu.

Wanafunzi hatupewi akaunti kwenye tovuti ile. Nilikuwa natumia ya Matroni, aliyonikabidhi ili nimwekee habari za mabweni, kwa kuwa yeye kompyuta huigusa anapoifuta vumbi tu.

“Nimembana Mkuu, sasa anasema na yeye alishtukizwa,” Mwenyekiti aliendelea. “Kwa hiyo nauliza. Mtu ajiandikie sifa mwenyewe, ajitangazie kustaafu kwa jina la shule, sisi tusimame tumpigie makofi? Huko si kustaafu. Hiyo ni kesi ya nidhamu, na anayeondoka kwa kesi ya nidhamu haondoki na heshima yoyote. Matroni, ni wewe uliyeandika?”

“Mama Mwenyekiti,” Taratibu alianza, “akaunti ni kitu kimoja, na anayeitumia ni—”

“Fundi, njia nzima umeniapia kwamba hakuna mwanafunzi anayegusa tovuti hii. Au umebadilisha?”

Taratibu akarudi kwenye viatu vyake.

Mama mkubwa hakunitazama. Mguu wake ulikuja juu ya wangu, ukakanyaga na kukaa hapo.

“Ni mimi,” alisema.

“Mwongo!” nilipiga kelele. Sijawahi kumwita mtu mzima mwongo usoni; huwa nasubiri apite. “Ni mimi! Niliandika mimi, kwa akaunti yake! Hata Mkuu nimemwambia!”

Mwenyekiti akaniwekea mkono begani. Alikuwa ananihurumia, na kuhurumiwa ni adhabu mbaya sana ukiwa unasema kweli.

“Unampenda mama yako mkubwa,” alisema. “Ni vizuri, mwanangu. Lakini usimbebee mzigo wake.”

“Si mzigo wake! Mama mkubwa, waambie!”

“Mnisamehe,” Mama mkubwa aliwaambia. “Mtoto huyu ana kiherehere tangu amezaliwa.”

“Sawa,” alisema Mwenyekiti, “tusibishane. Chumba cha kompyuta kiko wazi. Matroni, twende ukatuonyeshe ulivyoiandika na ulivyoiweka. Tukishaona, tumemaliza.”

Nilimwomba kwa macho akatae. Nilimwomba aseme anaumwa kichwa, aseme kesho, aseme lolote. Mama mkubwa alivua kitambaa cha kazi, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya furushi. Akavaa viatu vyake.

“Twendeni,” alisema, akatangulia mbele yetu sote, kwenda kwenye mashine ambayo hajui hata inawashiwa upande gani.